Koti la Osiako Halifuliwi

Nianze na koti, maana ndilo lililonikosanisha na wanaume wa Malinya. Hata leo kuna wazee wakikutana nami sokoni wanajifanya wanaangalia bei ya nyanya. Waangalie tu. Salamu zao si unga, sizipiki.

Mume wangu, Osiako, ana fahali wa kupigana. Sisi huku Ikolomani tunapiganisha ng'ombe jinsi wengine wanavyocheza mpira, na mwenye fahali mzuri anaheshimiwa kuliko chifu. Fahali wetu anaitwa Transfoma. Ni mweusi, shingo nene, na ukimtazama machoni unaona hana adabu. Siku ile aliposhinda mara ya kwanza, Osiako alikuwa amevaa koti la sufu alilonunua kwenye mitumba, zito, la rangi ya majani makavu. Akarudi nyumbani akiwa amebebwa juu juu na vijana, ngoma za isukuti zinapasua masikio, na neno la kwanza aliloniambia ni hili: "Mama Imma, koti hili halifuliwi mpaka siku Transfoma atakaposhindwa. Ukilifua, unaosha bahati."

Si yeye peke yake. Mmoja wa wenzake hanyoi ndevu. Mwingine hali mayai juma zima kabla ya mchezo. Wanaume wakishapata ng'ombe, akili wanamwachia Mungu. Nikasema sawa, fahali gani asiyeshindwa? Tutangoja mwezi, miwili, nitalifua.

Wololo! Transfoma akakataa kushindwa. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia, na mwingine. Koti likaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa sebuleni, na kila siku Osiako alilivaa kwenda zizini na kurudi nalo. Huko zizini anafukiza mavi makavu ya ng'ombe kufukuza nzi. Anamsugua Transfoma mgongo, anamkumbatia shingo, anamwimbia. Usiku wa kuamkia mchezo analala huko huko kwenye nyasi, asije mtu kumroga mnyama wake. Yote hayo yanaingia kwenye koti: moshi, manyoya, vumbi la nyasi, jasho la watu na la ng'ombe. Nilimwambia, "Osiako, hili koti siku moja litaomba chakula." Akacheka. Mimi pia nilicheka, maana ukishakaa na mtu miaka mingi, kasoro zake unazipitia tu, huzioni tena.

Basi ndipo akaletwa Abigail.

Abigail ni mtoto wa binti yetu Immaculate. Immaculate anapika kwenye hoteli moja mjini Kakamega, anaishi chumba kimoja kule Amalemba, leo zamu ya asubuhi, kesho zamu ya jioni. Mtoto akishaanza kukimbia, chumba kimoja hakimtoshi. Akatuletea. Jina hilo la Abigail lilikuwa la mama yake Osiako, kwa hiyo Osiako hakuwahi kumwita mtoto kwa jina. Alimwita "mama". Na mtoto, kwa kuwa aliitwa mama, akajifanya mama kweli kweli. Babu yake alimwita kuka, na mimi bibi yake kukhu.

"Kuka, keti hapa."

"Naketi, mama."

"Kuka, umekula?"

"Bado, mama."

"Kukhu! Mpe kuka chakula!"

Na mimi hapo, mwenye nyumba, natumwa na mtu ambaye bado anavaa viatu mguu wa kulia kushoto. Lakini niseme ukweli, nilikuwa nafurahi. Jioni Osiako akitoka zizini, mtoto alikuwa anamngoja mlangoni. Anampanda mapajani, anaingia ndani ya koti, Osiako anafunga vifungo, unaona macho mawili tu yakichungulia pale kifuani. Wanakaa hivyo mpaka obusuma, ugali wetu, uive. Nilikuwa nageuka na mwiko mkononi nawaangalia, nasema moyoni, Mungu, wazee wengine wanapewa shamba na magari, mimi umenipa hiki, na kimenitosha.

Halafu kikohozi kikaanza.

Mwanzoni tulisema ni mvua. Kakamega mvua haina likizo, na mtoto gani hakohoi? Nikampa limau na asali. Lakini jioni moja kifua kikaanza kulia filimbi, mbavu zikawa zinaingia ndani, midomo ikabadilika rangi. Osiako alikuwa amempakata. Alisimama naye akakimbia mpaka barabarani bila viatu, tukapanda bodaboda sisi sote, mimi nyuma, mtoto katikati, nikiomba kwa sauti mpaka mwenye pikipiki akaanza kuitikia amina.

Pale kituo cha afya tulimkuta Weldon, kijana mrefu mwembamba kutoka upande wa Nandi, ambaye watu wote wanamwita daktari. Akamfunga mtoto kile kifuniko cha mvuke puani, na pole pole filimbi ikanyamaza. Akasema ni pumu.

"Pumu ni ya wazee," nikamwambia.

"Pumu haiulizi umri, mama." Halafu akaanza maswali. Mnapika na nini? Kuni. Wapi? Jikoni, ukuta mmoja na nyumba. Kuku wanalala wapi? Hapo nikakasirika. Nikamwambia kuku wangu wanalala jikoni kwa sababu wezi hawalali, na hawajawahi kumkohoza mtu. Hakubishana nami. "Na ng'ombe analala ndani?" akauliza. "Ng'ombe analala kwake," nikasema. Na ilikuwa kweli. Ni jibu la kweli lililotuchelewesha kuliko uongo.

Akatupa inhela, akatuonyesha jinsi ya kuitumia kwa chupa ya soda iliyotobolewa, na akasema neno moja nililolibeba: "Kifua cha huyu mtoto kina vitu kinavyovikataa. Moshi ni kimoja. Vingine sivijui. Nyinyi mnaokaa naye ndio mtavijua."

Immaculate akaja kesho yake na macho mekundu. Alimkumbatia mtoto muda mrefu, kisha akatuambia sote wawili, bila kutuangalia, "Akishikwa hivi tena, namchukua. Nitatafuta msichana wa kazi akae naye Amalemba." Osiako alikuwa anachezea kifungo cha koti.

Basi nikaingia vitani. Kuku niliwajengea kibanda chao nje, na kufuli juu. Ukuta wa jiko nikauchongea dirisha, na mafiga nikayahamishia kwenye kibanda cha pembeni, mvua ikinyesha napika nimejifunika gunia. Godoro nikalianika. Mablanketi nikayachemsha. Zulia nililopewa na wanawake wa kanisa siku ya harusi ya Immaculate nikalitoa, nikampa jirani, na lilikuwa zulia zuri, bado linaniuma. Nilifagia mpaka Osiako akaniuliza kama tunahama.

Mtoto akapata nafuu mchana. Lakini jioni? Jioni kile kikohozi kinarudi, inhela inatoka, usingizi unakuwa wa shida. Na mimi, mwenye pua inayosikia maziwa yakianza tu kuganda, sikuliona koti. Lilikuwa hapo mlangoni miaka yote. Mtu haoni mlango wa nyumba yake.

Aliyeona kitu ni Jescah, na aliona vibaya.

Jescah ni jirani yangu na mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Ana moyo mzuri, ila mdomo wake hauna mlinzi. Alikuja siku moja nikisonga ugali, akakaa, akanywa chai, akashusha sauti. "Beldina, wewe huoni? Mtoto anashindanga vizuri. Mzee akirudi tu, anaanza. Wiki ile mzee alipeleka ng'ombe Khayega, mtoto alikohoa?"

"Hakukohoa," nikasema, kabla sijajua ananipeleka wapi.

"Mimi sisemi kitu. Lakini kuna watu wako na macho mazito. Si wachawi, hapana. Hata wao hawajui. Mtu anapenda mtoto, anamwangalia sana, mtoto anaumwa. Lisemwalo lipo."

Nilimfukuza kwa mwiko, na mwiko ulikuwa na ugali wa moto. Alikimbia akiacha kandambili moja, nikamrushia nyuma. Nikajisikia vizuri sana. Sikujua kwamba Osiako alikuwa nyuma ya nyumba anachota maji kwenye tangi, na kwamba alisikia yote.

Tangu siku hiyo mume wangu akabadilika. Chakula akasema apelekewe zizini. Jioni haji sebuleni. Akasema kuna mchezo mkubwa unakuja na fahali anahitaji kulindwa, akahamishia blanketi huko na koti lake mwilini. Mtoto akiita "Kuka!" anajibu kwa mbali, "Niko na kazi, mama." Kibaya zaidi, akipita karibu naye anaangalia chini. Abigail alisimama langoni mwa zizi siku moja, akaita mpaka sauti ikakauka, na mle ndani kimya. Akarudi kwangu, akaniuliza, "Kukhu, kuka amenikasirikia?"

Khai! Nilikwenda kule nikiwa na hasira ya kutosha kijiji kizima. "Osiako! Umeoa ng'ombe sasa? Mtoto analia na wewe unasugua pembe?" Aliendelea kusugua. Nikamwita majina ambayo nisingependa pasta ayasikie, nikarudi.

Na mtoto akapona.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Jioni zikawa kimya. Kikohozi kikaondoka, akalala usiku kucha, akala, mashavu yakarudi. Immaculate alipopiga simu nilimwambia mtoto mzima, akashukuru mpaka akalia. Nami nilikuwa nashukuru kwa nusu ya moyo, kwa sababu mtoto alikuwa anapumua vizuri na kuota vibaya. Alikuwa anaita kuka usingizini.

Asubuhi moja nikampelekea Osiako uji, nikamkuta amekaa kwenye kigogo, mikono magotini. Sikumfokea. Nikakaa kando yake.

"Mtoto anapumua?" akauliza.

"Anapumua."

"Tangu lini?"

Nikafikiri. "Tangu uhamie huku."

"Basi si unaona," akasema. Ndipo akaniambia kwamba alimsikia Jescah. Kwamba amepima mwenyewe, akarudi nyuma, akahesabu jioni zote, na kila mara mtoto aliposhikwa alikuwa mapajani mwake. Nilianza kusema upuuzi huo wa Jescah uende ukafie mbele, lakini akaniinulia mkono. "Na Mark?"

Jina hilo tulikuwa hatulitaji. Mark alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Alikufa kwa kifua kabla hajajifunza kutembea, msimu wa mvua, mikononi mwa Osiako, mimi nikiwa nimekwenda kutafuta mtu wa kutubeba mpaka hospitali. Watu waliacha kuniita Mama Mark, wakaningoja mpaka nikamzaa Immaculate. Miaka yote hiyo nilidhani mume wangu hamtaji kwa sababu anaumia. Sikujua alikuwa anajiuliza.

"Nilikuwa nimemshika," akasema. "Nilikuwa namwangalia tu. Sikuondoa macho hata kidogo."

Nililia pale. Kisha nikakasirika, maana mimi nikilia sana nakasirika. Nilimwambia yeye ni mjinga, kwamba nampenda na yeye ni mjinga, na kwamba hana macho mazito, ana kichwa kizito. Akatikisa kichwa. "Afadhali akae huku kwetu mimi nisimguse, kuliko nimguse apelekwe Amalemba. Hapa angalau ninasikia akicheka." Ningemthibitishia kwa kitu gani? Mtoto alikuwa amepona kweli.

Juma lile lile tukapata habari kwamba shemeji yake Osiako, mume wa dada yake, amefariki huko Matungu, kwenye mashamba ya miwa. Osiako alikuja ndani asubuhi wakati mtoto bado amelala, akavaa suti yake ya matanga, akalitundika koti kwenye msumari wake wa zamani, akaniachia maagizo ya Transfoma marefu kuliko kwaheri aliyonipa mimi. Mchezo ulikuwa Jumamosi. Angerudi Ijumaa.

Siku iliyofuata, Alhamisi, mvua ilinishika shambani nikikata nyasi za huyo bwana Transfoma. Nilimwacha Abigail sebuleni na kitabu chake cha picha. Niliporudi, kabla sijafungua mlango, nikasikia filimbi.

Alikuwa sakafuni, nyuma ya mlango. Alikuwa amevuta kiti, akapanda, akalishusha koti, akajifunga ndani yake mpaka kichwani. Kifua kinapanda na kushuka. Mayi wee! Nilimtoa mle ndani, nikakimbia naye hadi barazani penye hewa, chupa ya soda, inhela, vuta mama, vuta tena, taratibu, kukhu yuko hapa. Mdomo wangu ulikuwa unaimba wimbo wa kanisa, sijui ulitoka wapi. Dawa ikaingia. Mbavu zikatulia. Rangi ikarudi.

Alipoweza kusema nikamuuliza, "Ulikuwa unatafuta nini kwenye koti?"

"Nilikuwa nataka kuka."

Nikamshikilia. Nikalia kwenye nywele zake. Na nikiwa pale, nalia, kitu kikanijia waziwazi nikaacha kulia. Osiako yuko Matungu. Macho yake yako Matungu. Yanatazama jeneza la shemeji yake. Macho gani hayo yanayotoka Matungu, yanapita Mumias, yanapanda mpaka Malinya, yanaingia kwa dirisha kumtafuta mtoto? Mwenye macho hayupo. Aliyekuwepo ni koti.

Nikampigia Weldon. Nikamweleza kila kitu haraka haraka, ng'ombe, moshi, msumari. Akasema, "Mama, manyoya na ngozi ya mnyama hukauka, yanakuwa vumbi. Yanakaa kwenye nguo. Kuna vifua havitaki kabisa. Mlete nimwone kesho, na inhela msiache." Sauti yake ikawa ya mtu anayejilaumu. "Mimi nilikuuliza ng'ombe analala wapi."

"Na mimi nikakujibu," nikamwambia. "Tugawane."

Mtoto nikampeleka kwa Jescah amkalie. Ndiyo, kwa Jescah, mtu akiwa karibu nawe utamtumia hata ukiwa umemrushia kandambili. Kisha nikalitoa lile koti nje na kulitundika kwenye kamba, nikachukua fimbo. Mpigo wa kwanza vumbi lilinifunika. Nilipiga, nikapiga. Nilikuwa napiga kwa ajili ya Abigail, na kwa ajili ya mzee aliyelala na ng'ombe ili mtoto apumue, na kwa ajili ya Mark pia. Halafu nikachemsha maji kwenye ile sufuria kubwa ya matanga, sabuni ya unga pakiti nzima, nikalizamisha. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya pili meusi. Manyoya ya Transfoma yakaelea juu.

Jescah akatokea kwenye ua na mtoto mgongoni. Akaona. Akashika mdomo. "Beldina! Jumamosi ni keshokutwa!"

"Siku za wiki nazijua."

"Wanaume watakuua."

"Waje. Maji ya moto bado yapo."

Osiako alirudi Ijumaa alasiri. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepika kuku, ingokho yenyewe, kwa sababu mtu usimpe habari mbaya akiwa na njaa. Lakini koti lilikuwa kwenye kamba karibu na lango, na alilifikia kabla ya kuku. Nilimwona amesimama mbele yake. Maji ya moto yalikuwa yamelikunja, mikono imekuwa mifupi, limekuwa kijani ambacho sikumbuki kukiona. Alilishika, akalinusa.

"Linanuka sabuni," akasema.

"Nimelifua. Sema unalotaka kusema, lakini kwanza nisikilize." Nikamwambia. Mvua, kiti, msumari, filimbi. Nikamalizia na lile lililonikaa kooni. "Na wewe ulikuwa Matungu."

"Rudia."

"Ulikuwa Matungu, Osiako. Hukuwa hapa. Mtoto alishikwa na wewe hukuwa hapa."

"Sikuwa hapa," akasema.

"Hukuwa."

Akakaa chini, kwenye udongo, na suti yake ya matanga. Nikakaa naye. Nikamwambia na ya Mark, kwamba tulikuwa tunapika, tunakula na kulala kwenye chumba kimoja, moshi umetujaa, mvua haikatiki, hospitali mbali. Kwamba Mark alikufa kwa kifua, na kwamba macho ya baba yake ndiyo kitu kizuri cha mwisho alichokiona. Osiako alilia bila sauti, akijipangusa kwa tai.

Lakini hakumshika mtoto. Abigail alikuja mbio, mzee akarudi nyuma hatua moja, akainua mikono juu. "Ngoja, mama. Ngoja kidogo." Aliniambia baadaye, "Nimezoea kuogopa. Haiwezi kuisha siku moja." Na moyoni alikuwa bado anasema labda. Labda ni koti, na labda ni yeye pia. Nililiona hilo "labda" limekaa usoni mwake, nikashindwa kulifua.

Ya Jumamosi nitayasema haraka, kwa sababu si ya kwangu. Osiako alilivaa lile koti safi, mikono imeishia kwenye viwiko, akaenda na Transfoma wake. Wazee waliponusa sabuni walianza kulalamika hata kabla ya mchezo. Mimi nilikuwa nyumbani. Nilisikia ngoma zikipanda kuelekea kwetu, kisha zikasimama, kisha zikageuka na kwenda upande mwingine. Nikajua. Transfoma aliinamisha pembe, akasukumwa kidogo, akageuka akakimbia, akavuka shamba la mtu la mahindi. Wazee wawili walipitia kwangu kunipa habari. "Mama, umetuua," wakasema. Nikawapa chai. Hawakunywa. Ndio hao wanaoangalia nyanya.

Nikamngoja mume wangu. Nilikuwa naogopa, na mimi si mtu wa kuogopa. Miaka hiyo yote alikuwa mtu mkubwa kwa sababu ya mnyama yule, na mimi ndiye niliyechemsha maji.

Alikuja akimvuta Transfoma kwa kamba, wote wawili vichwa chini. Akamfunga zizini, akampa nyasi, akampiga piga mgongoni. Koti akalivua, akaliacha huko huko juu ya ukuta wa zizi. Hakuja kwangu. Nikasikia maji bafuni, muda mrefu, na sauti ya mtu akijisugua. Akatoka na shati safi, nywele zinadondosha maji, akaketi kwenye kiti cha barazani.

"Beldina," akaniita, kwa jina, kitu ambacho hakifanyi. "Ng'ombe amekimbia."

"Nimesikia."

"Watu wamenicheka."

"Pole, mzee."

"Nilidhani siku hiyo ikifika nitakufa." Alikaa kidogo akiangalia ua, kuku, nguo kwenye kamba. "Sijafa. Niletee mama."

Sikuhitaji kumleta. Alikuwa nyuma yangu ameshika rinda langu, na aliposikia hivyo aliniachia. Akapanda mapajani mwa babu yake bila kuuliza. Osiako akaweka mikono hewani, kama mtu aliyepewa kitu na hajui pa kukiweka, mpaka mtoto akaivuta mwenyewe, mmoja mgongoni, mwingine magotini. Mimi nikaweka inhela na chupa juu ya meza, karibu, nikavuta kiti.

Abigail ndiye aliyesema. Alimwambia habari za kuku aliyetaga ndani ya ndoo. Alimwambia kwamba Transfoma ana tabia mbaya, kukimbia kwenye mahindi ya watu. Alimwuliza kama amekula. Jua likashuka kidogo. Maneno yakapungua, kichwa kikaanguka kifuani mwa mzee, akalala.

Osiako hakusogea. Alikuwa amekaza shingo, anasikiliza, ananiangalia mimi, anamwangalia mtoto, safari hii hakuyaondoa macho.

"Weka sikio," akaninong'oneza.

Nikainama, nikaweka sikio langu kwenye mgongo mdogo wa Abigail, kando ya mkono wa mume wangu. Nikangoja. Hewa ikaingia. Hewa ikatoka. Ikaingia.

"Sisikii kitu," nikasema.

"Hata mimi," akasema Osiako. "Hata mimi, Mama Mark."